Kadi ya Shubiri Moja na Vidole Viwili

Jumatatu, 8 Julai

Baridi ya Mbeya leo imevuka mpaka. Nimepuliza kioo cha duka na kuandika jina langu kwa kidole. ARONI. Limekaa hadi chai ya saa nne. Dalili njema.

Kazi kubwa imeingia. Mwalimu Kalinga anaacha kufundisha kwaya, anarudi kwao Iringa. Kwaya inamuaga Jumapili hii, ukumbi wa kanisa, hapa hapa Ilomba. Katikati ya shughuli itaonyeshwa filamu ya miaka yake yote na sisi. Mtengenezaji: mimi. Nani mwingine? Nimefika Lusaka mara mbili, Dar es Salaam mara tatu, na kidato cha pili nilikiacha mwenyewe baada ya mkuu wa shule kunishauri kwa nguvu.

Ndani ya filamu hiyo kuna kipande kimoja ambacho ndicho filamu yenyewe. Mkanda wa zamani, wa harusi ya watu, ambamo marehemu Mama Eveline, mke wa Mwalimu, anaimba mstari wa mbele. Mwalimu anazo picha zake za ukutani. Anayetikisika, wa video, hana. Tangu tumzike hajamwona akifungua mdomo. Mkanda nimeuhamishia salama kwenye kompyuta. Dakika moja baadaye deki ikautafuna, ukatoka kama tambi. Kwa hiyo sasa Mama Eveline anaishi ndani ya kompyuta yangu. Hana makazi mengine.

Tatizo dogo. Kila nikiiambia programu itoe filamu nzima, inagoma na kuandika Kiingereza kirefu. Nimesoma nusu. Nusu imetosha: mashine haina nguvu ya picha, inataka kadi ya grafiki. Si ajabu. Kompyuta yangu ni mtumba wa ofisi za Ulaya, nyembamba, imelala mezani kama biskuti. Mke wangu Tumpe ameifumia kitambaa cheupe chenye maua, sare na cha televisheni.

Mama Verediana, mwenyekiti wa kwaya, amekuja amevaa sweta mbili. Amesema Jumamosi saa sita mchana anataka kuiona filamu kwa macho yake, vinginevyo kazi inavuka barabara kwenda kwa Liberatus. Liberatus! Yule mwenye studio ya mlango wa kioo. Nikamwambia mama, wewe lala usingizi. Akanijibu hajalala tangu achaguliwe mwenyekiti.

Nimempigia Girish, muuza vifaa vya kompyuta Iringa mjini. Hatujawahi kuonana, lakini kwa simu sisi ni ndugu. Ana sauti nyembamba ya mtoto wa kipaimara. Kadi anayo, ya feni mbili. Nikamuuliza urefu. Akasema rula haioni, ngoja apime kwa mkono. Shubiri moja na vidole viwili.

Nami nikatia mkono wangu ndani ya kasha la kompyuta. Shubiri moja na vidole viwili, na nafasi ya karatasi imebaki. Tumpe, ambaye ni fundi cherehani na ana futi shingoni tangu asubuhi, alisema baba Gwakisa, si futi hii hapa. Nikamwambia mama, hizi ni elektroniki, si sketi.

Jumanne, 9 Julai

Kadi imepanda basi Iringa. Nimebandika tangazo mlangoni: KUANZIA KESHO STUDIO HII INA KADI. Watu watatu wamesimama kulisoma. Mmoja aliuliza kama ni kadi ya kliniki.

Liberatus amevuka barabara, mikono mfukoni, amejifanya anatafuta chenji. Ananiita Injinia, na hilo jina analitamka kama mtu anayetema mbegu. Akauliza kadi hiyo itakula umeme kutoka wapi. Nikamwambia ukutani, kwani wewe wako unatoka kisimani? Akauliza tena, mazabodi yako umeiangalia lakini? Anamaanisha ule ubao mkubwa wa ndani, ambao kila kitu kinachomekwa juu yake. Nikamwambia Liberatus, sloti ni sloti, kadi ni kadi. Akaondoka bila chenji.

Wivu. Jioni nimemsamehe.

Jumatano, 10 Julai

Imefika. Imefungwa kwenye gazeti na sweta kuukuu la mtoto. Nzuri mno. Nyeusi, feni mbili, inang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Tumpe naye amekubali ni nzuri, ingawa alisema inafanana na jiko la mchina.

Haiingii.

Urefu imezidi vidole vitatu vizima. Unene, ni ya watu wawili wakati nafasi ni ya mmoja. Na kimo chake kinataka kutokea juu, pale kifuniko kinapokaa. Nimeigeuza. Nimeiingiza kwa mgongo. Nimeibembeleza. Nikampigia Girish na kumwambia bwana, shubiri yako imekuwa na watoto njiani? Akaapa kwa sauti ile ile ya kipaimara kwamba alipima vizuri, shubiri moja na vidole viwili, hata mwanawe Jatin alikuwepo.

Tumpe alinivulia futi akaiweka juu ya meza. Nikaisogeza pembeni.

Mtu wa kwetu hakwami. Nimetoa vitu vyote vya ndani nikavilaza juu ya blanketi, kisha nikalibeba kasha tupu hadi kwa Saulo, fundi wa kuchomelea mageti. Saulo aliuliza nataka dirisha au mlango. Nikasema mlango. Akavaa miwani, akawasha grainda, cheche zikaruka hadi kwa muuza parachichi. Alipomaliza, akaomba ruhusa ya kutia nakshi kidogo ukingoni, kwa sababu kazi zake zote anatia. Kwa hiyo sasa nina kompyuta ya ofisi yenye pambo la geti.

Nimerudisha vitu. Kadi imekaa kwenye sloti, tak! Kichwa kimetokeza nje kama ng'ombe kwenye fuso. Lakini imekaa. Liberatus alikuwa anatazama kupitia kioo chake. Nilimpungia.

Alhamisi, 11 Julai

Nimewasha. Kioo cheusi.

Nimezima, nimewasha. Cheusi. Nimepiga kasha kibao kidogo cha kirafiki. Cheusi. Nimebadili soketi ya ukutani. Nimeomba, kifupi. Cheusi tii, kama mtu aliyenuna.

Na Mwalimu Kalinga akachagua saa hiyo hiyo kuja. Kofia mkononi, koti lake la kijivu. Akakaa kwenye benchi la wateja. Hakuuliza filamu imefika wapi. Aliuliza kama naweza kumwonyesha Eveline kidogo tu, hata bila sauti, maana Jumapili watu watakuwa wengi na yeye anaogopa kulia mbele ya wasoprano.

Nikamwambia Mwalimu, mashine iko jikoni, inapika, haifunguliwi. Akatikisa kichwa polepole. Akasema basi, hata Eveline alikuwa hataki mtu afunue sufuria kabla ya wakati. Akakaa robo saa nzima akikitazama kile kioo cheusi, akanishukuru, akaondoka.

Huyu mzee ndiye aliyenipokea kwenye kwaya nikiwa na sauti ya mbuzi. Alinipanga nyuma, karibu na dirisha, akaniambia kila kwaya inahitaji mtu wa kufungua dirisha. Sikuwahi kuimba noti moja sawasawa, na hakuwahi kunitoa.

Nikampigia Girish kwa hasira. Nikamwambia umeniuzia maiti. Akaniuliza kwa upole, rafiki, waya wa skrini umechomeka wapi? Nikamjibu pale pale ulipokuwa siku zote, nyuma ya mazabodi. Nikamsikia anahesabu hadi kumi kwa Kigujarati. Kisha akasema kadi ikishaingia, mazabodi inafunga mlango wake wa picha. Picha zinatokea kwenye kadi. Sasa waya uuchomeke kwenye kadi.

Hilo nilikuwa nalijua. Nilitaka kuona kama analijua yeye.

Tatizo dogo: waya wangu una meno ya zamani, ya bluu. Kadi inataka waya mwembamba wa kisasa, kama ule wa king'amuzi. Na skrini yangu haina tundu la waya huo. Televisheni ya nyumbani inalo. Saa kumi na mbili jioni, Tumpe na Gwakisa wakiwa jikoni wanamenya viazi, nikaibeba televisheni pamoja na waya wake. Tamthilia ilikuwa inaanza. Nitaandika siku nyingine yaliyosemwa.

Nikachomeka. Nikawasha. Na kioo kikawaka! Maandishi meupe, ya Kiingereza, mistari miwili. Kadi inaongea! Nikatoka nje nikapiga mluzi hadi Liberatus akatoa kichwa.

Kisha nikarudi kuyasoma. Yalikuwa yanaomba nizime mashine na kuipa kadi waya wake wa umeme.

Ijumaa, 12 Julai

Ni kweli. Kwenye makalio ya kadi kuna tundu la pini sita. Ina mdomo wake yenyewe, inataka kula kwenye sahani yake. Na ile pawasaplai yangu, lile boksi dogo linalogawa umeme ndani ya kompyuta, ni ya kimaskini: nyaya zake ni chache na hakuna hata mmoja wa kuingia hapo. Liberatus aliniuliza umeme utatoka wapi. Bahati yake mbaya, alikuwa sahihi kwa bahati.

Pawasaplai kubwa ninaijua iliko. Studio ya Liberatus, kona ya kushoto, ndani ya kompyuta kubwa iliyokufa ambayo anawekea vikombe. Kumwomba siwezi. Mtu ana heshima yake.

Mpango. Nikamtuma Tumpe akajifanye anataka kulinunua lile kasha bovu apandie maua. Tumpe bado alikuwa na deni la tamthilia moyoni, lakini alikwenda. Alirudi haraka, mikono mitupu, anacheka hadi anashika ukuta. Liberatus alimuuliza, shemeji, ni maua gani hayo yanayohitaji pini sita? Kisha akasema mumewe aende mwenyewe, kwa miguu yake, pawasaplai atapewa bure. Sharti moja: naye anataka kuwepo Mama Eveline akitokea. Mama huyo alimfundisha shule ya Jumapili utotoni. Alikuwa anampa karanga akijua mstari wa Biblia.

Sikujua hilo. Nikavuka barabara kwa miguu yangu. Ni hatua chache tu, lakini zote zilikuwa za kupanda.

Hakunitania. Yaani alinitania, lakini huku anafungua skrubu.

Tukaileta. Tatizo dogo: plagi yake kuu haiingii kwenye mazabodi yangu. Mazabodi ni ya kizungu cha peke yake, ina plagi ya umbo lake, inakataa ya mtu mwingine. Liberatus akakuna kichwa, akasema basi, hapa tumefika mwisho, labda tubadili mazabodi nzima, na hiyo hatuipati kabla ya Jumapili.

Hapo ndipo dunia ilipomhitaji Aroni.

Kabla ya studio nilikuwa tingo wa malori ya Zambia. Nimelala Tunduma mpakani zaidi ya nilivyolala kwetu. Lori likikataa ufunguo, dereva wetu alikuwa anagusanisha nyaya mbili chini ya usukani, linanguruma. Nikasema Liberatus, kwani lazima sahani iwe moja? Pawasaplai ndogo ilishe mazabodi yake. Kubwa iilishe kadi peke yake. Akasema ile kubwa haitawaka bila kuamriwa na mazabodi. Nikasema tutaigusanisha kama lori.

Akanitazama. Akampigia Girish mwenyewe, kwa simu yake. Girish akasema inawezekana, kwenye plagi kuu waya wa kijani na mweusi, lakini kwa jina la Mungu chomoeni ukutani kwanza, mkishaunganisha ndiyo muwashe. Nikachukua pini ya nywele ya Tumpe, nikaikunja, nikaichomeka kijani kwa mweusi. Tukawasha. Feni ya pawasaplai kubwa ikaanza kuimba. Feni za kadi zikajibu. Televisheni ikafunguka, picha ya mwanzo ya kompyuta ikatokea, pana, inang'aa.

Liberatus alisema, haki ya nani, Injinia. Safari hii hakutema mbegu.

Kasha la Saulo halikutosha tena kwa pawasaplai mbili. Nimehamishia kila kitu kwenye kreti la mkate. Kreti lile la plastiki ya bluu, lenye matundu. Kwa macho niliona linaingia, na limeingia.

Jumamosi, 13 Julai

Siku ya hukumu.

Asubuhi tumeanza kutoa filamu. Mstari wa kijani unatembea kwenye kioo, asilimia kumi, ishirini. Mimi na Liberatus tunakula maandazi kama mabosi. Amependekeza Mwalimu aimbe mwanzoni na Mama Eveline aje mwishoni. Wazo zuri. Nilikuwa karibu kulipata.

Kuelekea saa sita nikakumbuka Mama Verediana anakuja, na studio ya kisasa haiwezi kuonekana ina nyaya zimemwagika kwenye kreti la mkate. Liberatus alikuwa ametoka kumhudumia mteja wake. Nikachukua kitambaa cha Tumpe chenye maua. Hakikufunika kote. Nikaongeza blanketi. Juu yake nikaweka tena kitambaa, kwa urembo. Ilipendeza, ilionekana kama meza ya Pasaka. Na kwa baridi hii nilijisemea hata mashine itashukuru.

Mama Verediana akaingia, sweta tatu leo. Akatazama televisheni. Asilimia sitini na moja. Akasema haya, tunaona. Sitini na mbili. Akavuta pua. Akauliza kama kuna mtu ananyoosha nguo. Sitini na tatu.

Kioo cheusi.

Nilimfikiria Mama Eveline mle ndani, chini ya blanketi. Nikaanza kumwambia Mama Verediana kwamba kadi na mazabodi hazipatani, ni mambo ya watengenezaji, mmoja anakaa nchi hii mwingine nchi ile, hawasemezani. Liberatus akaingia mbio. Tumpe akatoka nyuma na futi yake.

Mama Verediana hakumsikiliza mtu. Alilivuta lile blanketi na maua yake kwa mkono mmoja, mvuke ukapanda kama sufuria ya kande. Akasema, Aroni mwanangu, kitu kinahema, wewe unakifunika uso? Mtoto akiwa na homa unamfunika blanketi? Kisha akaenda akafungua dirisha. Akafungua na mlango. Upepo wa mlima Loleza ukaingia wote, karatasi zikaruka, Tumpe akapiga chafya.

Tukasubiri. Liberatus akagusa kadi kwa ncha ya kidole, akasema bado. Akagusa tena, akasema sasa. Nikawasha.

Mafaili yote yapo. Mama Eveline yupo, kwenye gauni la bluu, mzima.

Tukaanza upya. Watu wanne tumekaa na makoti kwenye duka lililo wazi pande zote, tunatetemeka, tunakodolea mstari wa kijani. Muuza parachichi akaja akauliza kuna msiba? Akaambiwa akae. Mama Verediana alianza kuimba chini chini ili kujipasha moto, sisi tukaitikia. Mimi pia. Hakuna aliyenizuia. Asilimia mia moja ilipofika tulikuwa ubeti wa mwisho, na hatukuukatisha, tuliumaliza.

Liberatus akatoa flashi akanakili filamu papo hapo, na mkanda wa Mama Eveline mara mbili. Nikamwambia ana wasiwasi sana.

Jumapili, 14 Julai

Ushindi. Ushindi mtupu.

Liberatus alisema flashi inatosha, tuichomeke kwenye mashine ya ukumbi inayotupa picha ukutani, basi. Nilikataa. Nimebeba kreti la mkate mwenyewe, kichwani, kutoka dukani hadi kanisani, mbele ya watu wa ibada zote mbili. Mtu mmoja aliuliza mikate bei gani.

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Kreti nililiweka mezani mbele, wazi, bila kitambaa, kwa amri ya Mama Verediana. Feni zote zinazunguka. Watoto wakaja kuota moto pembeni yake.

Filamu ilienda kama maji. Watu walicheka walipojiona vijana. Mimi nilionekana mara moja, nafungua dirisha. Mwalimu amekaa mbele, kofia magotini, ametulia.

Kisha zikaja zile picha za zamani, zenye chenga kidogo. Mama Eveline. Gauni la bluu, kilemba, anatazama upande, anamtazama mtu asiyeonekana anayeongoza. Sauti yake ilipotoka niliona mabega ya Mwalimu yanapanda.

Akasimama. Hakulia. Aliinua mkono wa kulia, ule mkono wa siku zote, akaanza kumwongoza. Alikuwa anampa kila pigo. Palipofika mahali pa kuingia kiitikio aliinua kidole kabla, na Mama Eveline pale ukutani akavuta pumzi, akaingia. Nasi wote tukaingia nyuma yake. Hakuna aliyeambiwa. Hata Liberatus, ambaye siku hizi ni Mkatoliki na nyimbo zetu amezisahau.

Ilipokwisha Mwalimu alikaa, akasema kwa sauti ambayo mstari wa mbele tuliisikia: pale alikuwa anachelewa kila siku, leo ameingia vizuri.

Nimeandika hapa nikiwa nimeshiba pilau. Macho yananiwasha. Ni moshi wa jikoni.

Jumatano, 17 Julai, Iringa

Mimi na Liberatus tumemsindikiza Mwalimu hadi kwao. Ndugu zake wametupokea kwa salamu za kamwene nyingi na pombe ya ulanzi, ingawa Liberatus alijifanya hanywi. Ile filamu imeonyeshwa mara nne. Mara ya tano Mwalimu alitufukuza, akasema sasa anataka kuiona peke yake.

Kabla ya kurudi nilisema lazima nimwone Girish. Nilikuwa nimebeba maneno yangu kuhusu shubiri yake. Tukaingia dukani, nikauliza Girish ni nani. Kutoka nyuma ya kaunta likainuka jitu. Likaendelea kuinuka. Kisha likasema karibu rafiki, kwa sauti ya mtoto wa kipaimara.

Mkono wake ni sinia. Nikaomba aweke shubiri juu ya kaunta. Nikaweka yangu pembeni. Yangu ilionekana kama ya mjukuu wake. Liberatus alicheka hadi akakaa juu ya katoni.

Basi fumbo limekwisha! Sikukosea mimi, hakukosea Girish. Vipimo tu vilitofautiana. Nikaomba kamba, nikamwambia anyooshe mkono, nikaikata sawasawa na shubiri yake. Sasa nina kipimo cha kisayansi. Girish akamwita mwanawe Jatin aje anisalimie. Jatin aliinama kupita mlangoni, anampita baba yake kwa kichwa kizima. Tulipopeana mikono wangu uliingia wote, niliuona tena salamu zilipokwisha. Kijana mwenye adabu sana.

Jumatatu, 22 Julai

Jina limetoka. Harusi tatu, kipaimara kimoja, na kwaya ya Mwanjelwa wameuliza yule fundi wa kreti ni nani. Nimemwambia Liberatus kazi zikizidi nitamgawia. Akasema asante Injinia, na akaacha kikombe chake kwangu. Naona anahamia kidogo kidogo.

Kwa kazi za ukubwa huu, kadi ya feni mbili ni aibu. Nataka ya feni tatu. Na kreti basi, nataka kasha la chuma la maana. Saulo analitengeneza tangu asubuhi. Nimempa kamba ya Girish na kumwambia kata sawasawa na kamba, usizidishe hata unywele, tumechoka kubahatisha. Nakshi ameruhusiwa.

Nimepiga simu Iringa. Girish hayupo, kaenda Mgololo kupeleka kompyuta. Amepokea Jatin. Kadi ya feni tatu ipo. Nikauliza urefu. Akasema rula haioni, ngoja apime kwa mkono. Shubiri moja kamili.

Shubiri moja kamili! Ni kamba yangu hasa, bila kidole cha ziada. Nikamwambia ipakie basi la leo leo.

Liberatus ameuliza hiyo nayo itakula pini ngapi. Nimemwambia sloti ni sloti. Mama Verediana ametuma zawadi ya shukrani, kitambaa amekifuma mwenyewe, kikubwa, kizito, cha sufu, na maua pande zote. Amesisitiza ni cha televisheni tu. Kwa macho naona kinatosha kasha zima.

Tumpe amevua futi shingoni, ameiweka juu ya meza mbele yangu, ameenda kumenya viazi. Nimeitumia. Nimefungia kamba ya Girish, isipotee.